Moyo wa Karatasi: Mchoro Usimpotoshe Mgonjwa

Mwaka 1543 Andreas Vesalius alichapisha Epitome, kitabu chenye kurasa ambazo msomaji aliweza kukata picha za viungo na kuzibandika juu ya umbo la mwili. Leo kazi ya mkasi inaweza kufanywa na mashine ya leza inayofuata mchoro wa kompyuta. Kwa anayehudumia wagonjwa wa moyo, faida ni kubwa, ila kwa sharti moja: vipimo viwe vya kweli.

Chukua mfano wa vali ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, uwazi wake ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, inaweza kuibana. Uwazi ukifika 1.5 au chini yake, ugonjwa ni mkali. Maneno “vali imebana” hayamwambii mgonjwa mengi. Mpe kadi mbili, moja yenye tundu la kipenyo cha milimita 25, nyingine milimita 11. Akipitisha kidole, ataelewa kwa nini damu hurundikana kuelekea mapafuni na kwa nini pumzi humwishia akipanda mlima.

Picha ya kamera ni mkusanyiko wa vitone. Mchoro wa vekta ni mistari yenye vipimo, ambayo leza huweza kuifuata. Inkscape, programu isiyolipiwa, inatosha kwa kazi hii. Mistari ya kukata ipewe rangi moja na ya kukunja rangi nyingine, ili kila aina ipangiwe nguvu yake. Futa mistari iliyorudiwa, kwani leza hupita mara mbili na kuiunguza kadi. Matundu ya ndani yakatwe kwanza, mzingo wa nje mwisho, maana kipande kikishaachia husogea.

Hatari kubwa hujificha katika kuhamisha faili. Programu moja ikihesabu vitone 96 kwa inchi na nyingine 72, mchoro unaweza kupungua hadi asilimia 75 ya urefu wake. Tundu la milimita 25 huwa chini ya 19, na uwazi wa sentimita za mraba 5 hushuka hadi 2.8. Vali nzima imegeuzwa gonjwa, na mgonjwa hana namna ya kujua. Kwa hiyo chora pembeni mstari wa milimita 100, kisha uupime kwa rula baada ya kukata.

Usikate kamwe plastiki ya PVC, kwani hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayodhuru njia ya hewa. Wala usiiache mashine peke yake, maana karatasi hushika moto.

Kadi haipimi moyo. Kazi hiyo ni ya ekokadiografia. Lakini humwezesha mgonjwa kuuliza maswali yake kabla ya kutia saini ya kukubali upasuaji.