Maji Yanapozidi Chunguni

Mimea mingi inayofia sebuleni haifi kwa kiu bali kwa maji yaliyozidi, na jambo hili huwatatiza wanaoanza kuitunza kwa sababu mmea uliozidiwa na maji huonyesha dalili zile zile za mmea uliokauka, yaani majani kulegea, kugeuka manjano na hatimaye kudondoka. Mizizi huhitaji oksijeni, nayo huipata katika nafasi ndogo zilizomo baina ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kwa siku nyingi, mizizi hukosa hewa, hushambuliwa na kuvu, na ikishaoza haiwezi tena kufyonza hata maji yanayoizunguka. Mwenye mmea, akiona majani yamelegea, huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Mmea wa namna hiyo ukichomolewa chunguni, mizizi yake huonekana ya kahawia, laini, yenye utelezi na harufu mbaya, ilhali mizizi yenye afya huwa imara na aghalabu myeupe.

Kwa hiyo ratiba ya kumwagilia kila siku, au hata kila Jumamosi, haifai, kwa kuwa chungu kile kile hukauka upesi katika joto la Januari jijini Dar es Salaam na hubaki na unyevu kwa muda mrefu katika baridi ya Julai jijini Nairobi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kidole: kikizamishwa udongoni hadi kiungo cha pili na kukuta ukavu, maji yatiwe mengi hadi yatokee chini, kisha yaliyotuama kwenye kisahani yamwagwe. Chungu lazima kiwe na matundu, na kopo la rangi lililotobolewa vizuri ni bora kuliko chungu cha thamani kisicho na tundu. Udongo mzito wa mfinyanzi nao hulegezwa kwa mboji na mchanga wa chenga kubwa.

Mmea unaomfaa zaidi anayeanza ni Zamioculcas zamiifolia, ambao wengi huufupisha kwa herufi ZZ. Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, ingawa ulienea madukani duniani baada ya wakulima wa Uholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Kwao hupitia misimu mirefu ya kiangazi, na ndiyo maana huhifadhi maji katika mashina manene yaliyo chini ya udongo, mfano wa viazi. Ndani ya nyumba unaweza kukaa wiki mbili au tatu bila maji. Utomvu wake huwasha mdomo, hivyo uwekwe mbali na watoto wadogo.

Urujuani wa Usambara una tabia nyingine kabisa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliuona katika eneo la Tanga, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Kwa kuwa huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu msituni, hauvumilii jua kali, na maji baridi yakidondokea majani yake yenye vinyweleo huacha madoa. Hivyo chungu huwekwa kwenye kisahani chenye maji kwa takriban nusu saa ili udongo unywe kutoka chini.

Kuhusu mwanga, vitabu vya Ulaya husifu dirisha linalotazama kusini, ushauri usio na maana karibu na ikweta, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Dirisha la mashariki, lenye jua la asubuhi, hufaa mimea mingi, ilhali la magharibi huhitaji pazia jepesi.

Mimea yote miwili huzalishwa kwa majani. Jani la urujuani likichomekwa kwa kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu, huchipuza miche baada ya miezi miwili hivi. La ZZ huchukua miezi mingi zaidi kwa sababu huunda kwanza kijikiazi chini ya udongo, na anayelichomoa mara kwa mara ili kulikagua hulichelewesha.