Tafsiri ya Misimbo ya Hitilafu za Mfuko wa Hewa wa Abiria katika Mazingira ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Magari mengi madogo yanayotumika Kilwa na Lindi yaliwahi kutumika Japani kabla ya kuingizwa nchini. Katika mwambao huu, joto, unyevu na chumvi ya bahari huweza kuotesha kutu kwenye pini za plagi. Hali hiyo inadai uangalifu katika kutafsiri misimbo, kwa kuwa msimbo hutaja saketi yenye hitilafu. Hautaji kifaa kilichoharibika.

Katika mifumo ya zamani ya Toyota, kwa mfano, msimbo 53 huashiria shoti katika saketi ya kiwashio cha mfuko wa abiria, na 54 huashiria kukatika kwa saketi hiyo. Saketi hujumuisha kompyuta ya mfumo, nyaya, plagi na kiwashio chenyewe. Aidha, ndani ya plagi mna kibati kinachounganisha pini plagi inapochomolewa, ili mfuko usifyatuke kwa bahati mbaya. Kwa hiyo, plagi isiyojifunga barabara huweza kuzaa msimbo wa shoti ilhali nyaya ni nzima, nayo kutu ikizidi huweza kuzaa msimbo wa kukatika.

Uchunguzi huanza kwa kuzima swichi, kufungua waya hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90, kwani kompyuta huhifadhi akiba ya umeme. Kisha plagi hukaguliwa. Kiwashio hakipimwi moja kwa moja kwa multimita, kwa sababu mkondo wake unaweza kukifyatua. Badala yake, rezista yenye ukinzani uliotajwa na mtengenezaji huwekwa mahali pake na kumbukumbu hufutwa. Msimbo usiporudi, kasoro imo katika mfuko. Ukirudi, imo katika nyaya, plagi au kompyuta.

Hata hivyo, kuzimika kwa taa ya onyo si uthibitisho wa usalama. Baadhi ya vijalizi vya Takata vilitumia nitrati ya amonia, ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, kisha kijalizi hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kompyuta hupima umeme tu; uharibifu huo hauoni. Hivyo basi, katika pwani hii, usomaji wa misimbo hauna budi kuambatana na kulinganisha namba ya chesisi na orodha ya mtengenezaji ya magari yaliyoitwa kwa marekebisho.