MSHTAKIWA AKIKIRI, KESI IMEKWISHA?

Chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi 14 tu, nao wote walisoma sheria. Kwa miaka kadhaa vijana wa Kenya na Uganda walikuja kusoma hapo pamoja na wenzao wa Tanganyika. Kuwafundisha hao hakukuwa na taabu kubwa, kwani nchi zote tatu zilifuata mtindo wa Kiingereza. Taabu huanza mwalimu apatapo mgeni kutoka Burundi, ambako sheria zilitoka Ubelgiji, nazo ni ndugu za zile za Ufaransa.

Mgeni huyo hushangaa nini? Huko Uingereza, mshtakiwa wa mauaji akisema kwa hiari yake kuwa amekosa, mashahidi hawaitwi tena kuthibitisha kosa. Hubaki hukumu tu. Akikana, ndipo mawakili wa pande mbili hushindana mbele ya raia 12, na jaji huwa kama refa.

Ufaransa sivyo. Kabla ya kesi ya mauaji yuko hakimu mpelelezi, ambaye kazi yake ni kutafuta yamwumizayo mshtakiwa na yamwokoayo pia. Kisha majaji 3 na raia 6 hushauriana pamoja. Hata mtu akikiri mara kumi, kesi husikilizwa vilevile, maana kukiri ni ushahidi kama ushahidi mwingine, nao hupimwa.

Mwalimu akianza kwa kutaja majina ya mahakama, darasa litasinzia. (Sisi tulisinzia katika somo la Uraia.) Heri achukue kisa kimoja akiendeshe kwa njia zote mbili, wageni wenyewe wakiwa mawakili na majaji. Mimi ningempa hiki.

Katika shule niliyosoma zamani, fedha za mwenzetu zilipotea bwenini. Kiranja alimhoji mtoto mmoja wa kidato cha kwanza usiku kucha, hata akakiri. Akarudishwa kwao majuma mawili. Siku ya tatu fedha zikaonekana ndani ya godoro la mwenyewe. Mwanafunzi wa mtindo wa Kifaransa atasema godoro lilipaswa kupekuliwa kwanza. Yule wa Kiingereza atajibu kuwa kukiri kule hakukuwa kwa hiari, basi si kukiri.

Kiranja huyo nilikuwa mimi. Mtoto aliporudi nilimwuliza kwa nini alikubali kosa lisilo lake. Akasema, "Kaka, nilitaka kulala."

Mwanafunzi wa Kidato cha IV