Kutoka ganda la korosho hadi mtego wa mbung'o

Ukitaja Singida, watu wanawaza alizeti na kuku. Lakini wilaya ya Manyoni sasa inalima korosho, tena kwenye mashamba makubwa ya pamoja. Na ukitoka huko ukaelekea Itigi hadi Pori la Akiba la Rungwa, unaingia nchi ya mbung'o, anayeambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale. Je, korosho na mbung'o vina uhusiano gani? Kikemia, vinao.

Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anaijua ile mafuta nyeusi ya ganda inayounguza ngozi. Kwa wengi ni uchafu tu. Ukiipasha moto, asidi iliyomo inapoteza kaboni dayoksaidi na kubaki kadanoli. Chora kichwani duara la kaboni sita (fenoli), halafu ulifunge mkia mrefu wa kaboni 15. Hiyo ndiyo kadanoli.

Sasa mbung'o. Anamtafuta ng'ombe kwa harufu, na katika mkojo wa ng'ombe kuna propilifenoli: duara lilelile, mkia umefungwa mahali palepale, ila una kaboni 3 tu. Kwa hiyo swali ni rahisi kulitamka: unakataje mkia wa kaboni 15 zibaki 3, bila kuharibu duara?

Hapa ndipo kichocheo kinapoingia. Kichocheo huharakisha mmenyuko na chenyewe hakiishi, kwa hiyo kidogo tu kinahudumia molekuli nyingi. Kazi hii inahitaji viwili. Mkia wa kadanoli mara nyingi una bondi maradufu katikati, yaani kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili. Paladiamu inaihamisha bondi hiyo hatua kwa hatua hadi karibu na duara. Rutheniamu nayo inakata pale penye bondi maradufu na kubadilishana vipande, kama watu wawili wanaobadilishana wenza kwenye dansi. Ukiipa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, mkia unabaki na kaboni 2. Ukiipa butini inayofaa, zinabaki 3. Mwisho unaongeza haidrojeni, bondi maradufu inaondoka, kazi imekwisha. Uendelezaji wa namna hii ya kubadilishana ndio uliowapa Chauvin, Grubbs na Schrock Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Wazo hili halikukaa Ulaya peke yake. David Cole-Hamilton wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kwenye vichocheo vya metali. Mwaka 2012 yeye na wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Joseph Mmongoyo na Quintino Mgani, walichapisha njia ya kutengeneza kivutio cha mbung'o kutokana na kadanoli. Mwaka 2014, akishirikiana na kundi la Lukas Gooßen la Ujerumani, ikatoka njia inayounganisha kuhamisha na kukata.

Tusidanganyane lakini. Paladiamu na rutheniamu ni ghali, na usipovitumia tena na tena hesabu inakataa. Halafu kivutio hakiui. Kinamleta mbung'o kwenye kitambaa cha bluu na nyeusi chenye dawa, na kitambaa hicho kinahitaji mtu wa kukitunza porini.

Kinachonikera mimi ni kitu kingine. Korosho yetu nyingi inasafirishwa ghafi, kwenda India na Vietnam. Ganda linaondoka pamoja na kokwa, na mafuta yake yanaondoka na ganda. Tunazungumzia ajira za kubangua, na ni sawa, lakini kiwanda cha kubangua ndicho pia chanzo cha kadanoli. Bila ganda kubaki nchini, mkemia wa hapa atakuwa na njia nzuri kwenye karatasi na chupa tupu mezani.