Dawa za zege zashindana na mpira wa maji

Muuzaji wa dawa za zege Dar es Salaam hashindani na duka la jirani. Anashindana na mpira wa maji. Ndivyo anavyolalamika mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi Kariakoo, aliyeomba asitajwe jina kwa kuwa wanaomkera ndio haohao wateja wake.

Gari la zege, anasema, likikwama kwenye foleni na jua la saa nane, zege hufika limeanza kukaza. Dawa ya kuchelewesha ingelilinda njiani. Ya kulainisha ingetiwa palepale saiti likatiririka tena. Badala yake, fundi anafungulia maji. Pampu inasukuma, mkandarasi anaridhika. Ufa ukitokea, anayepigiwa simu ni aliyeuza dumu la dawa.

Hesabu zinampa haki. Lita 5 za maji zikizidi katika mita moja ya ujazo, kipimo cha koni huonyesha ulaini umeongezeka kwa takriban milimita 25, na nguvu ya zege inashuka. Dawa ya kawaida ya kulainisha hupunguza maji yanayohitajika kwa asilimia 5 hadi 12, zile kali 12 hadi 30, na zege likabaki la kumwagika. Hutawanya chembe za saruji zilizoshikana, maji yaliyonaswa kati yake yakaachiwa. Lakini dawa ikizidishwa, kokoto huzama, uji hupanda juu, na zege laweza kulala bila kushika. Hapo mlalamikaji wetu alipita haraka.

Ofisa mmoja anayehusika na ukaguzi wa majengo anasema hali inaridhisha, kwani kyubu nyingi, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, zikivunjwa siku ya 28 hufaulu. Nyingi kiasi gani, hakusema. Wala hakugusia kwamba kyubu zikijazwa gari linapowasili, kabla ya mpira kufunguliwa, zinapima zege ambalo halikuingia kwenye nguzo. Na siku ya 28 yaweza kukuta ghorofa ya juu yake imeshamwagwa.

Soko la dawa hizi huenda likakua, maana majengo marefu yanategemea pampu, na pampu haipendi zege kavu. Huenda pia lisikue sana: viambato vingi vinaagizwa nje kwa dola, na maji ya bombani yanabaki rahisi. Mfanyabiashara yule, kwa upande wake, anasema mzigo ujao ataongeza zaidi dawa ya kuzuia maji kupenya, ambayo wenye nyumba huja kuiulizia wenyewe.