Moshi Ndani ya Gari

Leo tuzungumze juu ya safari ya kutoka Nariokotome kwenda Lodwar. Vumbi ni jingi, kwa hivyo tunafunga madirisha. Halafu dereva anawasha sigara.

Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado ni machanga. Moshi huo unaweza kumletea homa ya mapafu, pumu na maradhi ya masikio. Mama mmoja alimleta mwanawe kwetu akiwa amebanwa na kifua. Alikuwa amevumilia moshi njia nzima, kwani alidhani mwenye gari hakatazwi kitu.

Anakatazwa, mama. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kuvuta sigara ndani ya gari la abiria. Haichagui dereva, makanga wala msafiri. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kufungua dirisha hakumalizi moshi.

Na ile sigara ya umeme, vepu? Mvuke wake si maji matupu. Mara nyingi una nikotini, na mtoto aliyepakatwa karibu anaupumua. Yale maji yanayotiwa ndani yake ni sumu mtoto akiyameza. Usimtapishe, mkimbize kituo cha afya, na chupa uibebe.

Mwambie dereva kwa upole: "Ndugu yangu, nina mtoto hapa. Tafadhali zima, au tusimame uvutie nje." Wengi huzima.