Kumbukumbu ya Kompyuta ya Mezani: Je, Inahitaji Vipoozaji vya Gharama?

Mtumiaji anayekwenda dukani kununua kumbukumbu ya kompyuta ya mezani, ambayo wauzaji na mafundi huiita RAM, hukutana na bidhaa za namna mbili. Ya kwanza ni kibao chembamba kisicho na urembo wowote, chipu zake zikionekana wazi. Ya pili imevikwa ganda la alumini, pengine lenye mapezi marefu na taa za rangi, na bei yake iko juu zaidi. Akiuliza sababu ya tofauti hiyo, mara nyingi huambiwa kwamba ile ya pili haipati moto. Yapo pia maduka yanayouza feni ndogo za kufungwa juu ya kumbukumbu, na hata vifaa vya kuipoza kwa maji.

Jibu fupi ni kwamba kompyuta ya mezani inayotumika kwa kazi za kawaida haihitaji kipoozaji maalumu cha kumbukumbu. Inachohitaji ni hewa inayopita vizuri ndani ya kasha lake. Makala haya yanaeleza sababu za jibu hilo, hali chache ambazo jibu hubadilika, na namna mnunuzi anavyoweza kuelekeza fedha yake mahali penye faida.

Joto ni kiasi gani?

Kila kifaa kinachotumia umeme hutoa joto, na kumbukumbu nayo hutoa. Hata hivyo, kiasi chake ni kidogo. Kibao kimoja cha kumbukumbu ya aina ya DDR4 au DDR5 kwa kawaida hutumia takribani wati 2 hadi 5 kinapofanya kazi. Hicho ni kiasi kinacholingana na balbu ndogo ya LED. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani hukadiriwa kwa wati 65 au zaidi, na kadi kubwa za picha zinazotumiwa kwa michezo huzidi wati 300.

Tofauti nyingine iko katika eneo ambalo joto hutokea. Prosesa hutoa joto lake kutoka katika eneo dogo la sentimita chache za mraba, ndiyo maana bila kipoozaji huzimika au hupunguza kasi mara moja. Kibao cha kumbukumbu kina urefu wa zaidi ya sentimita 13, na joto lake dogo limegawanyika katika chipu kadhaa, kwa kawaida nane au kumi na sita. Hewa inayopita juu yake hutosha kulichukua.

Zaidi ya hayo, watengenezaji wamekuwa wakipunguza volti kila kizazi kipya kinapotoka. Kumbukumbu ya DDR ya kwanza ilitumia volti 2.5. DDR2 ilishuka hadi 1.8, DDR3 hadi 1.5, DDR4 hadi 1.2, na DDR5 hadi 1.1. Ni kweli kwamba kasi na ujazo vimeongezeka katika kipindi hicho, lakini kupungua kwa volti kumesaidia kuzuia joto lisiongezeke kwa kiwango hichohicho.

Kiwango cha joto kinachovumilika

Ili kuelewa madhara ya joto, ni vyema kufahamu namna kumbukumbu inavyohifadhi taarifa. Ndani ya chipu mna mabilioni ya vihifadhi vidogo vya chaji ya umeme. Kila kimoja ni kama ndoo yenye tundu dogo: chaji huvuja polepole, na kabla haijaisha kompyuta huisoma na kuijaza upya. Katika DDR4, kazi hiyo hukamilishwa kwa vihifadhi vyote ndani ya kila milisekunde 64. Joto likizidi, tundu huwa kama limepanuka na chaji huvuja upesi zaidi.

JEDEC, taasisi inayoweka viwango vya kimataifa vya kumbukumbu, imeruhusu chipu hizi kufanya kazi katika hali ya kawaida hadi nyuzijoto 85 za Selsiasi. Kati ya 85 na 95, kumbukumbu inaweza kuendelea kufanya kazi iwapo ujazaji upya wa chaji utafanyika mara mbili zaidi.

Tulinganishe viwango hivyo na hali ya hewa yetu. Dar es Salaam katika miezi ya Januari hadi Machi, joto la mchana huzidi nyuzijoto 30. Tukadirie kwamba hewa ndani ya kasha la kompyuta imefika 40, na kwamba chipu za kumbukumbu zimeizidi hewa hiyo kwa nyuzi 15. Tutapata 55, yaani nyuzi 30 chini ya kikomo cha kawaida. Kwa hiyo joto la Pwani peke yake si sababu ya kununua kipoozaji cha kumbukumbu.

Ushahidi mwingine uko mezani kwa watu wengi. Kompyuta nyingi za ofisini huuzwa na watengenezaji wakubwa zikiwa na vibao vya kumbukumbu visivyo na ganda lolote. Katika kompyuta mpakato, vibao vya namna hiyo huwekwa katika nafasi finyu zaidi, na hufanya kazi kwa miaka mingi.

Ganda la chuma lilianzia wapi?

Vifuniko vya chuma havikubuniwa kwa ajili ya urembo tu. Kumbukumbu ya aina ya RDRAM, iliyoingia katika kompyuta za mezani mwaka 1999, ilikuwa na muundo ambao chipu moja iliweza kubeba kazi nyingi kwa wakati mmoja na kupata moto kuliko chipu za jirani. Kifuniko kilisaidia kulisambaza joto hilo. RDRAM iliondoka sokoni baada ya miaka michache, lakini vifuniko vilibaki, na leo hutumika zaidi kupendezesha bidhaa na kuitofautisha na nyingine.

Ganda la wastani halina madhara. Likiwa refu kupita kiasi, linaweza kugongana na kipoozaji cha prosesa, na mnunuzi akalazimika kubadilisha kimojawapo. Pia linaficha chipu, hivyo mnunuzi hawezi kuona maandishi yaliyomo juu yake. Mtumiaji asijaribu kulibandua ili kuzitazama: gundi yake inaweza kung’oa chipu, na kitendo hicho huweza kufuta dhamana.

Nani anahitaji upoozaji zaidi?

Zipo hali ambazo joto la kumbukumbu hustahili kuangaliwa. Ya kwanza ni ya watumiaji wanaoongeza kasi ya kumbukumbu kupita kiwango chake cha kawaida, na kupandisha volti hadi 1.35, 1.4 au zaidi. Ya pili ni kompyuta inayofanya kazi nzito kwa saa nyingi mfululizo, kama kuhariri video ndefu, huku kumbukumbu ikiwa karibu na kadi ya picha yenye joto kali ndani ya kasha dogo. Ya tatu ni seva, ambazo vibao vingi hupangwa kwa kubanana na hupozwa kwa feni zenye nguvu zilizomo katika muundo wake.

Hata katika hali mbili za kwanza, hatua ya awali ni kuboresha mzunguko wa hewa: feni moja ya mbele inayoingiza hewa na moja ya nyuma inayoitoa. Hatua hiyo husaidia prosesa, kadi ya picha na diski pia, ilhali kipoozaji cha kumbukumbu husaidia kifaa kimoja tu.

Kompyuta inapozimika ovyo

Watumiaji wengi huuziwa vipoozaji baada ya kompyuta kuanza kujizima, kuonyesha skrini ya bluu au kuharibu mafaili. Kabla ya kukubali kwamba kumbukumbu inapata moto, fuata hatua hizi:

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha safisha vumbi katika feni na matundu ya hewa. Vumbi huzuia hewa na hupandisha joto la vifaa vyote.

2. Hakikisha feni ya prosesa na ile ya kisambaza umeme zinazunguka kompyuta inapowashwa.

3. Kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, toa vibao vya kumbukumbu na uvirudishe kwa uangalifu mpaka vishike sawasawa. Mguso hafifu ni chanzo cha kawaida cha hitilafu. Gusa kwanza sehemu ya chuma ya kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini.

4. Pima kumbukumbu kwa kutumia programu ya upimaji iliyomo ndani ya Windows, au programu ya MemTest86.

5. Makosa yakionekana, rudia kipimo kasha likiwa wazi na feni ya mezani ikipuliza hewa ndani. Makosa yakitoweka, joto linaweza kuwa sababu, na mzunguko wa hewa uboreshwe. Yakibaki, jaribu kibao kimoja kimoja ili kubaini kilicho kibovu. Kibao kibovu hakitaponywa na kipoozaji. Kinapaswa kurudishwa dukani kwa mujibu wa dhamana.

Fedha iende wapi?

Kwa kompyuta inayotumika kuandika, kuhesabu, kusoma na kuendesha biashara ndogo, ujazo wa kumbukumbu una manufaa makubwa kuliko ganda lake. Kompyuta yenye gigabaiti 4 inayokwama kila programu kadhaa zinapofunguliwa pamoja haitapata nafuu kwa kuwekewa feni, bali kwa kuongezewa ujazo hadi 8 au 16. Penye nafasi, vibao viwili vinavyolingana huleta kasi zaidi kuliko kimoja chenye ujazo uleule, kwa kuwa prosesa huvisoma kwa njia mbili sambamba. Mnunuzi ahakikishe pia aina inayokubaliwa na kompyuta yake: kibao cha DDR5 hakiingii katika nafasi ya DDR4.

Madai ya kutazamwa kwa makini

Dai kwamba kipoozaji “huongeza kasi ya kumbukumbu” ni la kupotosha. Kumbukumbu hufanya kazi kwa kasi iliyowekwa katika mipangilio ya kompyuta, na haipandi kwa sababu tu imepoa. Dai kwamba kifaa “hupunguza joto kwa asilimia 30” nalo halielezi jambo la maana. Muuzaji aulizwe joto lilikuwa nyuzi ngapi kabla, limekuwa ngapi baada, na katika kazi gani.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa kauli za kupotosha au kudanganya kuhusu bidhaa. Ili mtumiaji aweze kudai haki yake, anashauriwa kudai risiti inayotaja aina, ujazo na kasi ya kumbukumbu aliyonunua, kupata masharti ya dhamana kwa maandishi, na kuhifadhi kifungashio. Afikapo nyumbani, akague kama kompyuta inaonyesha ujazo uleule ulioandikwa katika risiti. Endapo kuna tofauti na muuzaji akakataa kuirekebisha, malalamiko yawasilishwe Tume ya Ushindani pamoja na nakala za nyaraka hizo.